Hakuna Kumpita Mwenzako

Dirisha la ofisi yetu pale Mesquite, Texas, linatazama uwanja wa malori, kisha mabohari, kisha barabara kuu, na baada ya hapo hakuna kitu kilichoinuka mpaka macho yachoke. Mbele ya dirisha hilo niliketi miaka mingi nikiwaongoza watu kuvuka milima. Sasa nimestaafu, naamka asubuhi masikio yakiwa mepesi, bila simu, na ndipo ninapoona jinsi kazi yetu ilivyo ya ajabu: mwanamke ameketi kwenye nchi tambarare kama sinia, anamwambia mwanamume aliye mbali kilomita elfu moja namna ya kushuka mteremko.

Purity, na wenzako mliorithi viti vyetu, nawaandikia nyinyi. Nilipandishwa cheo lini na nililipwa nini, hayo yamo kwenye faili, na faili zimo kwenye kabati ambalo ufunguo wake ulipotea kabla hamjaajiriwa. Nitasema yale ambayo hayamo.

Nilianzia Houston, upande wa Alief, kwenye ofisi ya chumba kimoja iliyonuka kahawa iliyoungua. Nilikuwa nimetoka kwetu kwenye miteremko ya Bonde la Kerio, nikapitia Eldoret nikiwa karani wa stoo, nikafika Texas na koti zito ambalo sikulivaa hata siku moja mwaka wa kwanza. Tangazo lilisema wanatafuta dispacha. Sikujua dispacha ni nini. Nilidhani ni mtu anayepanga mizigo. Kumbe ni mtu anayepanga watu: unajua kila dereva yuko wapi, amelala saa ngapi, anapita wapi, na mbele yake hali ya hewa ikoje.

Aliyenifundisha alikuwa Mtexas mzee, Hollis, dereva wa miaka thelathini aliyevunjika nyonga akakalishwa kwenye simu kwa lazima. Alivaa saa mbili, moja kila mkono: ya kushoto ilionyesha saa za Texas, ya kulia saa za milimani, ambazo ziko nyuma kwa saa moja. Wiki ya kwanza alinikataza kusema. Nilivaa vipokea sauti nikasikiliza tu. Ijumaa akaniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia madereva wote wako sawa, maana kila alipopiga simu walisema wako sawa.

"Ndiyo," alisema. "Na yule wa Jumatano aliyekuwa sawa, yuko kwenye mtaro huko New Mexico."

Basi akanipa somo ambalo nawapa na nyinyi. Usimuulize dereva kama yuko sawa. Muulize anaona nini. Dereva atakudanganya kuhusu afya yake, usingizi wake na mkewe, lakini ukimuuliza kilicho mbele ya kioo atakisema kama kilivyo, kwa sababu kukiona ndiyo kazi yake.

Hollis alikuwa na daftari lenye gamba la bluu. Kila barabara ilikuwa na ukurasa wake. Pale pepo zinapoangusha trela tupu. Kituo gani cha mafuta kinauza minyororo ya matairi, na kipi kinasema kinauza lakini kimeisha. Kwenye ukurasa wa barabara moja ya kusini mwa Colorado, ile ambayo baadaye madereva wetu waliiita Mgongo, aliandika kwa penseli na kupiga mstari mara mbili: usitazame barabara tu, tazama na juu yake.

Nikamuuliza juu yake kuna nini. Akasema, "Utajua ukienda."

Sikwenda. Kila mwaka nilisema nitaomba siku tatu nipande na dereva mmoja nikaone, na kila mwaka palitokea jambo. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na nililirudia kwa utulivu mkubwa, kama mtu anayerudia sala. Hollis alipofariki, mkewe alinipa lile daftari likiwa limefungwa kwa mpira wa nywele. Wakati huo kampuni ilikuwa imefungua uwanja Mesquite, nami nikahamia huko.

Mesquite ndipo nilipokutana na Wakongo. Nusu ya madereva wetu walitoka mashariki ya Kongo, wengi kupitia kambi za wakimbizi, na wote walipitia kwanza yale majengo ya vyumba yaliyobanana pale Vickery Meadow. Kiswahili chao kilinichosha mwezi mzima. Kisha nikakizoea, na leo nikisikia mtu akisema "njo vile", yaani ndivyo hivyo, moyo wangu unalainika.

Wawili mtawajua kwa majina. Byamungu ndiye mkubwa, mrefu, mwenye sauti ya shemasi, na kweli ni shemasi. Kule Uvira aliendesha malori kwenye barabara ambazo alisema ni mito iliyochoka. Dieudonné, ambaye sote tunamwita Dede, alikuwa jirani yake Vickery Meadow na alikuwa akikunja maboksi kiwandani. Byamungu alimfundisha udereva Jumapili baada ya ibada, kwenye maegesho ya duka lililofungwa, akiwa na Corolla. Alifunga toroli ya kununulia vitu nyuma ya ile Corolla ili Dede ajifunze kurudi nyuma na trela. Dede alinieleza kwamba toroli ile ilikuwa na gurudumu moja bovu, na kwamba tangu siku hiyo hakuna trela iliyowahi kumshinda.

Sasa nifike kwenye karatasi ya njano.

Majira fulani ya baridi, mvua ya barafu ilifunika kaskazini mwa Texas. Lori la Byamungu lilizima kando ya barabara, na simu yake ikaisha chaji. Malori mawili ya kampuni yetu yalimpita. Wa kwanza alidhani wa pili atasimama. Wa pili alidhani wa kwanza ameshaongea naye. Nami niliwapongeza wote wawili kwa kufika mapema. Polisi walimkuta Byamungu akiimba, midomo ikiwa ya kijivu. Alipoteza vidole viwili vya mguu wa kushoto.

Nilimtembelea hospitalini. Mkewe, Furaha, alikuwa akimkanda mguu ule mwingine, ule mzima, kana kwamba ndio alioweza kuutetea. Byamungu hakunilaumu. Alisema tu, "Mama Dori, kwetu kama gari inazima, wote wanazima. Hatuna kupitana. Ukipitana na mwenzako, wale wa porini na bunduki zao watamukuta peke yake."

Nilirudi ofisini nikaandika kwa herufi kubwa: HAKUNA KUMPITA MWENZAKO. Nikachapa kwenye karatasi ya njano, nikasema kila dereva aibandike mbele ya usukani. Chini yake niliweka maelezo: ukimkuta wa kwetu amesimama, simama nyuma yake, washa taa, piga simu, usiondoke mpaka aondoke.

Naweza kusema bila aibu kwamba niliipenda kanuni ile kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Madereva waliipenda zaidi. Haikuwa sheria ya kampuni kwao. Ilikuwa kitu cha nyumbani ambacho hatimaye mtu wa ofisi alikuwa amekielewa. Walinitumia picha za karatasi zile zikiwa zimepambwa kwa misalaba, picha za watoto, na bendera. Ilifanya kazi. Watu walisimamiana kule Oklahoma, New Mexico, hata huku Texas, nje tu ya Sugar Land, kwenye joto la kuyeyusha lami, na hakuna aliyepoteza tena hata ukucha.

Halafu ikaja ile dhoruba ya mwisho wa Oktoba.

Nilikuwa nimewatuma Byamungu na Dede kaskazini, trela mbili, wakifuatana. Mizigo yao ilikuwa karatasi za chooni. Nataka mlikumbuke hilo, maana mimi sijalisahau. Karatasi za chooni ni mzigo mwepesi sana, na trela nyepesi kwenye theluji hucheza kama mkia wa mbwa. Utabiri ulisema theluji nzito mapema kuliko kawaida, ya siku mbili. Nilipima baridi. Nilipima upepo. Niliwauliza kuhusu minyororo, wakanitumia picha. Nilipima kila kitu kilichokuwa barabarani.

Ya maporomoko ya theluji sikuyafikiria hata kidogo. Kichwani mwangu hayo yalikuwa mambo ya Januari, mlima ukiwa umeshiba. Oktoba kwetu Texas watu bado wanavaa kandambili.

Saa saba na nusu mchana, saa zetu, Dede alipiga.

"Mama Dori, tuko kwa Mgongo. Chaîne ya tairi ya Papa Byamungu imekatika, gari imekataa kupanda. Amesimama, na miye njo nimesimama nyuma yake. Nimeweka taa."

"Vizuri," nilisema. Nilisema vizuri, Purity. Niliandika kwenye ubao: wamesimama wote, wako pamoja. Nikahisi lile joto dogo la mtu ambaye mpango wake unafanya kazi.

"Byamungu yuko wapi?"

"Iko chini ya gari, anafunga ingine. Mikono yake inakuwa kama mbao lakini anaimba."

"Unaona nini, Dede?"

"Neige. Neige tu, inaanguka kama mutu anamwanga unga. Tangu jana haiachi. Lakini hapa tuko muzuri, Mama. Upepo yote iko kule ng'ambo, unaisikia inalia, lakini hapa hakuna. Mulima inatufunika."

Niliona mkono wangu umefika kwenye daftari la Hollis kabla sijauamuru. Ukurasa wa Mgongo. Mistari miwili ya penseli.

"Dede, juu yako kuna nini?"

"Juu?" Nilisikia kifuta kioo kikikwaruza. "Juu kuna miti. Miti huku, miti huku. Hapa katikati, kwetu, hakuna miti. Iko mustari mweupe tu, kama vile barabara inashuka toka kule juu kabisa."

Niliweka daftari chini.

Kwetu, juu ya nyumba ya shangazi yangu, kulikuwa na ukanda wa mteremko usio na miti. Ulikuwa na majani mazuri, na watoto tulitaka kulisha mbuzi pale. Bibi alikataza kabisa mtu yeyote kujenga chini yake. Alisema pale mlima umeshapita, na unaijua njia. Shangazi alijenga. Msimu mmoja mvua ilinyesha wiki nzima, na asubuhi moja vijiwe vikaanza kushuka, kimoja kimoja, vikibingirika mpaka uani. Sisi watoto tulivikusanya tukavichezea. Mchana ule ule mteremko ukashuka wote. Shangazi alikuwa kisimani, akapona. Nyumba hatukuiona tena, wala mbuzi, wala vijiwe vyetu.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Nikaja kukaa kwenye nchi isiyo na juu, nikasahau.

"Dede. Kuna kitu kinachoshuka kwenye huo mstari?"

"Hapana. Iko tu..." Alicheka kidogo. "Iko vimpira vidogo ya neige, vinajiviringa. Kama vya kuchezea batoto. Vimoja vinafika mpaka kwa tairi."

Nilichukua simu ya pili nikapiga kwa watu wa barabara wa upande ule. Mzee aliyepokea alisikiliza sentensi mbili tu, kisha akazungumza taratibu sana, kama mtu anayemsomea mtoto. Alisema walikuwa wanafunga lango la barabara kule chini sasa hivi. Alisema hatamtuma mtu wake na greda kupita chini ya mteremko ule, kwa hiyo nisimsubiri. Alisema mita mia nne mbele yao kuna handaki la zege lililojengwa kwa ajili ya maporomoko ya theluji. Wapite ndani yake na wasisimame mpaka wafike kwenye miti minene. Akauliza, "Kwa nini wamesimama wawili? Kuna vibao vinavyokataza kusimama pale."

Jibu lilikuwa limebandikwa ukutani mbele yangu, la njano.

Nilirudi kwa Dede. "Sikiliza. Ondoka hapo sasa hivi. Mpite Byamungu, nenda mbele, pita handaki mpaka kwenye miti."

Akajibu kwa sauti ya heshima kabisa: "Mama, hapana."

"Dede."

"Mama, ni weye uliandika. Iko hapa mbele ya macho yangu. Na si kuandika tu. Huyu ni mutu alinifundisha na toroli. Nimupite? Nitamuambia nini Mama Furaha?"

Nimekuwa na madereva wanaonitukana, wanaolia, na mmoja aliyenisomea Zaburi nzima ili asijibu swali. Hakuna aliyewahi kunifunga mdomo kama yule mtu mtii. Alikuwa anafanya kile hasa nilichomwomba. Kadiri alivyokuwa mwema, ndivyo alivyozidi kukaa chini ya ule mstari mweupe.

"Nimekosea," nilimwambia. "Nimeandika nikiwa naona barabara tu. Sijasema umwache. Nenda ukamtoe chini ya gari, umpandishe kwenye lako, ulipite lori lake likiwa halina mtu. Usikate simu."

"Na gari yake?"

"Gari ni chuma, Dede. Na mzigo unaujua ni wa nini."

Nilisikia mlango ukifunguka. Kisha pumzi zake, na buti zikizama, moja, nyingine, moja, nyingine. Theluji ina namna ya kumeza sauti. Nilimsikia kama mtu anayetembea ndani ya pamba. Kwa mbali uimbaji wa Byamungu ukakaribia.

Wakabishana. Sikusikia yote. Kisha Dede akaweka simu karibu naye.

"Mama Dori," alisema Byamungu kutoka chini ya lori, "dakika kumi."

"Papa Byamungu, toka hapo."

"Nimeisha kufunga upande moja. Dakika kumi tu."

"Toka sasa."

"Ah, Mama! Weye uko Mesquite, umekaa kwa kiti ya magurudumu, chai iko pembeni. Unajua nini ya chaîne?"

"Sijui chochote," nilisema. "Sijawahi hata kuigusa. Lakini najua mlima unaotema vijiwe kabla haujashuka. Na wewe unajua. Kule Uvira mvua ikinyesha siku mbili, na mteremko hauna miti, na vijiwe vinaanza kuja kimoja kimoja, mnafanya nini?"

Uimbaji ulikuwa umekoma. Nilisikia chuma kikigonga chuma, kisha hakuna.

"Éboulement," alisema, polepole, neno lao la maporomoko ya ardhi.

"Ndiyo. Hii ni nyeupe, basi. Tazama juu, Papa."

Sijui alitazama kwa muda gani. Najua kwamba niliposikia sauti yake tena haikuwa ya shemasi. "Dede, kimbia, washa. Miye nachukua Biblia."

"Acha Biblia!" nilipiga kelele, na ofisi nzima ikageuka. "Mungu ana nakala nyingine!"

Milango miwili. Injini. Minyororo ya Dede ikaanza kupiga lami chini ya theluji, ta, ta, ta, ta, polepole mno. Barabara pale ina njia mbili za kupandia, kwa hiyo nafasi ya kumpita Byamungu ilikuwepo, lakini trela nyepesi iliteleza, nikasikia Byamungu akisema, kama alivyosema bila shaka kwenye yale maegesho, "Pole pole, usikanyage, iache itembee, iache." Ta, ta, ta. "Tumeipita, Mama," alisema Dede. Kisha Byamungu: "Umesikia ile?" Na Dede: "Nini?" Na Byamungu: "Kama mutu muzito amekaa kwa kanapé."

Kisha simu ikakatika.

Handaki la zege hukata simu. Mlima ukishuka nao hukata simu. Ukiwa kwenye kiti changu, hayo mawili yana sauti moja.

Nilipiga. Hakuna. Nilipiga tena. Mzee wa barabara alisema hawezi kuona kitu, theluji imefunga, atanipigia. Wenzangu wawili waliacha simu zao, mmoja akashika mkono wangu, nikautoa kwa sababu niliuhitaji wa kupigia. Dakika nne. Dakika saba. Simu yangu binafsi ikawaka mezani: Furaha. Alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na wakati wa mapumziko yake alizoea kunipigia kuuliza kama mumewe amekula, kwa kuwa Byamungu akiulizwa naye humdanganya.

"Mama Dori, yule mutu amekula?"

"Yuko njiani, mama," nilisema. "Anapanda mlima. Nitakwambia."

"Umwambie asile mandazi tu."

"Nitamwambia."

Nimewafundisha kwamba dispacha hasemi uongo kwa jamaa wa dereva. Ile haikuwa kweli, wala haikuwa uongo. Ilikuwa kitu ambacho sitaki mtu yeyote kati yenu akijifunze. Nilisimama mbele ya karatasi ya njano nikaisoma kama iliyoandikwa na mtu mwingine, mtu anayejipenda.

Dakika ya kumi na tisa simu ya Dede ikaita kwangu. Aliyezungumza alikuwa Byamungu.

"Mama Dori."

"Nipo."

"Tuko kwa miti." Alivuta pumzi. "Ule mulima... haikuacha kitu. Tulikuwa tumeingia tu kwa handaki, giza ikakuja, upepo ikatusukuma toka nyuma, vumbi ya neige mpaka ndani ya gari. Dede angali anashika usukani, hataki kuachia. Tulingoja kidogo tuone kama tungali bazima."

"Na lori?"

"Sijui. Lakini Mama, ile karatasi ya cabinet yote, mulima imebeba. Pengine ilikuwa na shida ya tumbo."

Nilicheka mpaka nikaketi sakafuni. Kisha nikampigia Furaha nikamwambia hajala, lakini atakula.

Kiangazi kilichofuata nilikwenda. Byamungu aliendesha, nami nikaketi kando yake na daftari la Hollis magotini. Mzee wa barabara alitungojea pale chini ya ule mstari, ambao sasa ulikuwa wa kijani na wenye maua, mahali pazuri pa mbuzi. Pembeni miti ilikuwa imelala yote upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Alinieleza kwa subira. Theluji ya kwanza ya msimu huanguka kidogo, kisha inakaa majuma kadhaa kwenye kivuli, na baridi inaigeuza kuwa punje punje, kama sukari. Sukari haishikani. Ikija dhoruba kubwa mapema, inamwaga mzigo mzito juu ya ile sukari. Upepo nao huchota theluji ng'ambo ya mlima na kuimwaga upande uliotulia. Upande ule ambapo dereva anajiona yuko salama, anasema mlima unanifunika, ndiko mzigo unakopangwa. Na ile sauti ya mtu mzito akiketi kwenye kochi ni sukari ikivunjika chini.

Niliyaandika yote kwenye ukurasa wa Mgongo, chini ya penseli ya Hollis. Someni.

Mzee yule alikuwa pia na mfuko wa plastiki. Kabini ya lori ilikuwa imepatikana Mei, chini sana kwenye korongo. Ndani ya mfuko kulikuwa na kiatu kimoja, Biblia iliyovimba kama mkate, na ile karatasi ya njano, ikiwa imekunjamana, na alama ya tope la kahawia imekata kona moja mpaka katikati. Byamungu aliitandaza juu ya boneti, akaomba kalamu, akaandika chini ya maneno yangu, kwa mwandiko wake mkubwa wa shule ya msingi: *Umubebe kwanza.*

Kwa hiyo kanuni tunayotumia sasa ni ile ile, na nyongeza ya mtu aliyelala chini ya lori. Hakuna kumpita mwenzako, umubebe kwanza. Halafu umpite, na utazame juu. Sikuichapa upya. Niliiweka kwenye mashine ya kunakilia kama ilivyokuwa, ndiyo maana karatasi zote zilizo mbele ya madereva wetu, hata wale wanaopeleka matikiti Houston, zina doa la tope kwenye kona. Dereva mpya akiuliza doa hilo ni nini, aliye karibu naye humweleza, na hivyo ndivyo anavyofundishwa.

Ile yenyewe iko kwenye droo ya pili, upande wa kulia, ndani ya daftari la bluu. Nasikia mashine mpya ya kunakilia inaweza kusafisha madoa yenyewe. Purity, tafuta kitufe hicho, ukizime.